Bangili ya Chuma katika Maji ya Duara

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa karibu kukoma, mwaka niliokuwa kidato cha pili, tulimpoteza ndugu yangu Kulwa. Nimechagua neno hilo, tulimpoteza, kwa sababu ndilo ninaloweza kulisimamia mpaka leo bila kuongeza wala kupunguza. Msimu ule naukumbuka kwa harufu ya chuma kilicholowa. Ilikuwa kwenye mpini wa ndoo, kwenye majembe yaliyoegemezwa ukutani, kwenye bati la paa lililokuwa na kutu, na zaidi ya kote ilikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, chini ya bangili niliyoivaa tangu sijajua kutembea. Wakati wa mvua, ukiinusa ngozi ya mahali pale, utadhani umeweka sarafu mdomoni. Hata sasa, nikienda kufungua duka asubuhi na kushika kufuli lililonyeshewa usiku, husimama kidogo kabla sijaingiza ufunguo.

Tulikuwa mapacha. Kwetu Usukumani pacha anayetangulia huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, awe wa kiume au wa kike, kwa hiyo majina yetu hayakumsumbua mtu kuyatafuta. Baba alifariki tukiwa wadogo, simkumbuki vizuri. Bibi, mzaa mama, ndiye aliyetutengenezea bangili. Alikuwa na jembe la zamani, la yale yaliyofuliwa na wahunzi kabla ya majembe ya dukani, limekwisha kwa kulima mpaka limebaki kama kiganja. Alimpa mama alipeleke kwa mhunzi, na kutoka kwenye jembe lile moja zikatoka bangili mbili, nzito, zenye vishimo vya nyundo, zilizoachwa mwanya ili zipanuliwe kadiri tunavyokua. Bibi alisema mapacha wavae chuma kilichotoka mwili mmoja, mmoja akienda mbali, mwingine awe amemshikilia. Shaba hakutaka kuisikia. Katika ukoo wetu shaba ilivaliwa na mtu aliyerithi jina la marehemu, tena baada ya kutambikiwa. Kumvisha pacha shaba kungekuwa kama kumwelekeza kaburini. Sisi watoto hatukujua uzito wa hayo. Tulichojua ni kwamba tukikutana njiani, mimi natoka kisimani na yeye anatoka malishoni, tulizigonganisha bangili, zikatoa mlio mfupi mkavu, kila mmoja akaendelea na safari yake bila kusema neno. Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Tulipomaliza darasa la saba mimi nilichaguliwa kwenda sekondari na Kulwa hakuchaguliwa. Hakulia. Alikaa nyumbani msimu mmoja wa pamba, kisha akaanza kufuatana na vijana waliokuwa wakienda kuchimba upande wa Segese, kwenye mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara. Mama alimkataza kwa ukali, kisha kwa upole, kisha akanyamaza, kwa maana kijana akishaonja kitu chake mwenyewe, kumrudisha ni kazi. Kila Jumapili Kulwa alirudi na sukari na kipande cha sabuni, nguo zake zikiwa na vumbi la kijivu lisilotoka hata zikifuliwa mara mbili. Akinikuta na madaftari yangu alimwita mama kwa sauti ya kuonya. "Mama, mwalimu mkuu wako yupo hapa, ameficha ugali chini ya kitabu." Mimi nilimjibu kwamba anayenuka baruti hafai kukaribia chakula. "Wewe soma ya kwenye karatasi," alisema, "mimi nasoma ya kwenye mawe. Tutaona nani atamjengea mama." Siku moja alileta jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, lina michirizi ya manjano inayong'aa ndani na ukungu wa kijani juu yake. Wanunuzi walikuwa wamemcheka, wakamwambia humo hamna kitu. Mama alilichukua akaliweka mlangoni, likawa la kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Halafu ikaja ile wiki ya mwezi wa nne. Mvua ilinyesha mpaka maji ya shimo la zamani lililoachwa yakapasua ukuta na kuingia kwenye duara alilofanyia kazi Kulwa. Watu walipanda kwa kamba, wengine wakiwa wameacha viatu chini. Tatizo ni kwamba kule hakuna aliyelijua jina la nyumbani la mwenzake. Waliitana kwa majina ya utani, na mtu aliweza kufanya kazi asubuhi kwenye duara hili, jioni akahamia lile. Kulwa waliyemjua alikuwa anaitwa Pacha. Msimamizi wa duara, mtu mfupi aitwaye Shija, alimwambia mama kwamba anavyokumbuka yeye, Pacha alikuwa amepanda juu kabla maji hayajaja. Mwingine alisema alimwona akidandia lori la kwenda Geita, ambako kulikuwa na mlipuko mpya wa dhahabu, yaani imeonekana mahali papya, na vijana walikuwa wakikimbilia. Simu yake haikupatikana. Mama alisikiliza yote mawili, akachagua lile la lori.

Sitasahau jinsi alivyosubiri. Hakuwa mtu wa kuongea sana, na kusubiri kwake kulikuwa kwa vitendo vidogo. Mlango wetu aliacha kuufunga kwa komeo. Usiku aliusogeza mpaka karibu ufike, kisha akausukumizia lile jiwe la Kulwa kwa ndani, kiasi kwamba mtu akisukuma kwa mkono jiwe linateleza naye anaingia. Nilipomwambia kwamba hata mwizi ataingia hivyo, alisema mwizi akiingia atakuta nini, majembe? Waswahili wamesema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilikuwa na uchungu wangu pia, lakini ulikuwa wa namna nyingine. Nilikuwa njiani natoka shule, naona kijana anakuja kutoka mbele, na mkono wangu wa kushoto unainuka wenyewe.

Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, mwenyekiti wa kitongoji alituletea habari kwamba lile duara limevutwa maji kwa pampu, na chini amekutwa mtu. Tulikwenda mama na mimi kwa bodaboda moja. Nakumbuka mngurumo wa ile pampu kabla hatujafika, na mfereji wa maji yaliyokuwa yakimwagwa, na mawe ya pale maji yalipopita, yamegeuka rangi ya kijani na buluu kama yamepakwa. Askari na daktari walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao na kuruhusu mazishi. Mtu yule alikuwa amefungwa kwenye turubai. Walimwambia mama kwamba hana uso wa kutambulika, wala nguo hazisemi kitu kwa kuwa wachimbaji huvaliana nguo. Mama alisema sawa. Mimi nilizuiwa kusogea.

Shija alikuja ameshika kipande cha gunia viganjani kama mtu anayebeba yai. "Mama Kulwa, pole kwa safari," alisema. "Tumemvua hii. Pacha alikuwa na bangili."

Mama aliitazama. Nami niliitazama kwa pembeni ya bega lake. Ilikuwa nyekundu, nyekundu ya tofali lililoungua, nene, yenye magamba, na upande mmoja waliousugua kwa mchanga ulikuwa unang'aa.

"Hii ni nini?" mama aliuliza.

"Bangili, mayu," alisema, kwa neno letu la mama.

"Naona ni bangili. Nauliza ya nini."

"Ya shaba."

Hapo mama aliushika mkono wangu wa kushoto, akauinua juu mbele ya wanaume wote wale kama anayeonyesha kitu sokoni. "Tazameni. Hiki ni chuma. Ya Kulwa na hii zimetoka kwenye jembe moja, na mimi ndiye niliyelipeleka kwa mhunzi. Mwanangu hajavaa shaba hata siku moja."

"Lakini mayu, katika duara hili aliyekuwa na bangili ni yeye tu."

"Wavaa bangili Usukumani humu wamekwisha?"

Shija alitazama chini. "Basi huyu ni nani?"

"Ni mtoto wa mtu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa na wepesi ambao sikuwa nimeusikia tangu zile mvua. "Mzikeni vizuri. Na bangili yake mrudishieni mkononi, mama yake akija aikute." Kisha alifungua kitenge chake cha juu, kile cha maua ya njano alichokivaa kanisani, akampa Shija. "Mfunikeni na hiki. Asizikwe na turubai, mtoto wa watu."

Wakamzika mchana uleule, nyuma ya mabanda ya mama lishe, mahali ambapo tayari kulikuwa na makaburi mengine ya watu waliokuja kutoka mbali. Sisi hatukungoja. Njiani mama alimwambia dereva wa bodaboda asimame akanunua samaki wakavu, na jioni ile alipika kama siku ya sikukuu. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Nilikula nikashiba. Nayasema haya kwa sababu yalitokea.

Mwaka uliofuata niliingia kidato cha tatu. Shule yetu haikuwa na maabara ya kuitwa maabara. Ilikuwa na chumba chenye meza mbili, kabati lenye kufuli, na mwalimu mmoja wa kemia, Mwalimu Pastory, kijana mrefu mwenye kupenda utani, aliyeokota vifaa popote. Siku hiyo alitaka tujifunze ipi kati ya metali ina nguvu kuliko nyingine. Alitupangia vibakuli vya plastiki, kila kikundi na vyake. Katika kimoja kulikuwa na maji yaliyoyeyushiwa mrututu, zile chembe za buluu ambazo sisi wafugaji tunazijua sana, tunawapaka mbuzi kwenye kwato zikiugua. Alitugawia msumari, waya wa shaba uliotoka kwenye mota mbovu, na kipande cha zinki alichokikata kwenye ganda la betri kuukuu. Tuliambiwa tusugue kila kitu kwa msasa mpaka king'ae, tukitumbukize, tungoje, tuandike tunachokiona.

Waya wa shaba ulikaa kwenye maji ya shaba bila neno, kama mtu aliyekaa kwao. Kipande cha zinki kilipata weusi upesi, kikaanza kubeba ukoko. Msumari nilikuwa nimeushika mimi kwa uzi. Niliutumbukiza nusu, nikahesabu kimoyomoyo kwa mazoea tu, nikauvuta. Sehemu iliyozama ilikuwa nyekundu.

Darasa lilicheka kwa kufurahi. Mvulana wa kikundi cha nyuma aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nikilitia panga la baba humo linakuwa shaba?"

"Linakuwa panga lililovaa shaba," Mwalimu Pastory alisema. "Ukienda kuliuza kama shaba, utakwenda kulala kituoni." Akatueleza kwa Kiswahili, ingawa somo lilipaswa kuwa kwa Kiingereza. Shaba ilikuwa imefichama ndani ya yale maji, ndiyo iliyoyapa buluu. Chuma kina nguvu zaidi. Kikiingia, chenyewe kinayeyuka kidogo kidogo kwenda majini, na shaba inatolewa nje, inakaa pale pale chuma kilipokuwa. Akasema wale wenye mitambo ya kuchenjua dhahabu huku kwetu hufanya jambo la ukoo huohuo, hutumia zinki kuitoa dhahabu kwenye maji. Mwenye nguvu huingia, mnyonge hutoka. Akachukua wembe akaukwaruza msumari wangu, na chini ya wekundu ule kikaonekana chuma cheupe.

Nilinyoosha mkono. Bangili yangu iliteremka mpaka kwenye kiwiko, na nakumbuka ubaridi wake. "Mwalimu, kama msumari ungekaa humo miezi?"

"Kama maji yana shaba ya kutosha, ungeliwa karibu wote. Ungebaki na shaba yenye magamba, laini, ya kuvunjika kwa kidole."

"Na kama si mrututu? Kama ni maji tu ya shimoni?"

"Inategemea yamepita kwenye mawe gani. Ukiona mawe yana ukungu wa kijani, hapo shaba ipo." Akanitazama. "Kwa nini unauliza, Doto?"

"Nilitaka kujua tu."

Nilirudi nyumbani na ule msumari nimeufunga kwenye karatasi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wahenga, na mimi nilikuwa na kimya kifuani siku hizo. Jumamosi nilimkuta mama uani anapembua choroko. Nilimwekea msumari juu ya ungo.

"Shaba," alisema.

"Ni msumari wa dukani, mama. Kwaruza."

Alichukua kisu chake cha mboga akaukwaruza. Akaona. Aliendelea kukwaruza taratibu, akiuzungusha, mpaka ule wekundu wote ukaanguka kwenye choroko. Nikamweleza tulichofanya, neno kwa neno, bila kumtaja Kulwa. Sikuhitaji kumtaja. Alikuwa ameacha kupembua na macho yake yalikuwa kwenye lile jiwe la mlangoni, pale penye kijani.

Mwishowe alisema, "Hiyo ni dawa ya mbuzi. Mwanangu hakuingia kwenye dawa ya mbuzi."

"Ndiyo, mama."

"Basi twende tukayachote yenyewe."

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alilikataa jaribio langu na kutaka jaribio la kweli. Tulikwenda siku ya pili yake baada ya ibada. Lile duara lilikuwa limeachwa na maji yamejaa tena. Shija alikuwa amehamia Geita. Mwanamke aliyeuza uji pale alituonyesha ukingo salama, akatuazima kamba, akauliza tunataka maji yale ya nini, kwani hata mbuzi hawayanywi. Mama alimjibu, "Tunafulia." Tulichota dumu moja. Nyumbani nilimwambia asitumie sufuria, kwa kuwa sufuria nayo ni metali, italeta yake. Akaleta beseni la plastiki. Kisha akaupanua mwanya wa bangili yangu kwa mikono yake mwenyewe, akaitoa mkononi, mara ya kwanza tangu nivishwe. Ngozi ya chini yake ilikuwa nyeupe kama ya mtu mwingine. Alitaka kuitumbukiza, akasita, akanipa mimi.

Nikaitumbukiza, tukaliacha beseni usiku kucha. Asubuhi bangili ilikuwa imeanza kupata madoa ya rangi ya kutu, nikasema labda ni kutu tu. Mama akasema tungoje. Siku ya pili alitangulia kuamka, nami nilipotoka nilimkuta amechuchumaa mbele ya beseni. Bangili ilikuwa nyekundu kila mahali. Wekundu ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa ndio ule. Niliuona mara moja, naye aliuona kabla yangu.

"Ndiyo ile?" aliuliza.

"Ile ilikuwa imekaa zaidi."

"Sikukuuliza hilo, Doto."

"Ndiyo, mama. Ni rangi ile."

Aliitoa majini, akaiweka kwenye paja lake, maji yakalowesha gauni. "Nilimkataa mbele za watu," alisema. "Wamemleta mpaka mkononi mwangu, nikasema si wangu. Nikaenda nikanunua samaki."

Nilijua anataka niseme jambo, na nilikuwa na jambo moja tu la kweli la kusema. "Mama, maji yanaonyesha kwamba chuma kinaweza kuwa hivi. Hayaonyeshi ule mkono ulikuwa wa nani."

Alifikiri. "Huyo mwalimu wako hana maji ya kuonyesha hilo?"

"Hana, mama."

Aliisugua bangili kwa mchanga na majivu mpaka chuma kikatokea, akanirudishia mkononi akaubana mwanya kwa meno ya koleo. Kwenye vishimo vya nyundo wekundu ulibaki, na umo mpaka leo, ukiniomba nitakuonyesha.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye yale makaburi nyuma ya mabanda. Yalikuwa yameongezeka. Mengine yalikuwa yamekanyagwa na watu waliokuwa wakikata njia, na misalaba miwili mitatu ilikuwa imeng'olewa kufanywa kuni. Mwanamke wa uji alisema yule wa duara ni huyu hapa, kisha akasema hapana, labda yule wa pili, kwa sababu banda lake wakati ule lilikuwa upande mwingine. Mama alimshukuru, "Wabeja, mayu," akamngoja aondoke. Akasimama katikati ya matuta mawili. Bibi alikuwa ametufundisha kwamba pacha haliliwi, ukilia unamwita na mwenzake, na kwa hiyo mama hakulia, kwa ajili yangu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, "Kulwa. Kama ni wewe, kile kitenge ni changu." Akageukia tuta la pili. "Na wewe, kama si wewe, unisamehe mwanangu, nimekusumbua." Nilipiga bangili yangu kwenye jiwe lililokuwa pale, mara moja. Mlio ulikuwa tofauti. Kisha tukarudi nyumbani, na usiku mama akalisukumiza jiwe mlangoni kama kawaida, mlango ukabaki bila komeo.

Ni miaka mingi sasa. Kidato cha nne sikufaulu vizuri, nikafanya biashara ndogo ndogo, na siku hizi nina duka Isaka, karibu na mahali malori yanapoegeshwa yakingoja mizigo ya kwenda nje. Mama naishi naye. Lile jiwe tulikuja nalo, liko mlangoni mwa duka. Huko tulikotoka, nikipita, sijui mahali pa kuyatafuta yale makaburi. Yale maduara yamefukiwa, pamesimama matangi makubwa ya kuchenjulia na uzio wa bati, na pale palipokuwa na mabanda ya mama lishe pana kilima cha mchanga wa marudio, ule uliokwisha kuchenjuliwa, kirefu kuliko nyumba. Vijana wa sasa wana mashine za kushika mkononi zinazolia zikikuta metali ardhini. Tena nimesikia kwamba siku hizi mfupa unaweza kupimwa pamoja na damu ya mzazi, ikajulikana huyu ni wa nani. Nilimwambia mama habari hiyo. Aliuliza kama wanaweza kupima kilima. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu: wakati ule tulikuwa na kaburi, au makaburi mawili, na hatukuwa na kipimo, sasa kipimo kipo na kaburi halipo. Nimejaribu kuamua moyoni kwamba Kulwa ndiye aliyezikwa na kitenge cha maua ya njano. Siku nyingine naamini kabisa. Siku nyingine lori likisimama, mkono wangu wa kushoto bado unainuka.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja dereva aliteremka kununua soda. Alikuwa na umri ule aliokuwa nao Kulwa au kuzidi kidogo, si umri ambao Kulwa angekuwa nao sasa, lakini mama haonekani kujali tofauti hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya jiwe. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, bibi," mama akaitikia marahaba, na mkono uliokuja kumsalimu hakuuachia. Kwenye kifundo kulikuwa na bangili nyekundu. Mama aliokota kizibo cha soda kilichokuwa kimeanguka, akaigeuza bangili upande wa ndani, akaanza kuikwaruza kwa ule ukingo wenye meno.

Kijana alicheka. "Vipi, bibi, unatafuta dhahabu?"

"Natafuta chuma," mama alisema, bila kuinua macho.

Alikwaruza mahali pamoja, kisha pengine, kwa subira, na yule kijana, Mungu ambariki, akauacha mkono wake ulegee. Mama akainama kutazama. Akapitisha kidole gumba juu ya mkwaruzo.

"Ni shaba mpaka ndani," alisema, akamwachia.

"Basi sikutapeliwa," kijana alisema. Akamaliza soda yake, akanirudishia chupa, akapanda lori lake, likaondoka.